Samaki Elfu Tano na Mia Nne

Jumatatu, 3 Machi 2014. Mvua: haijulikani.

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa pamoja na ufunguo wa stoo ya shule, mimi Elkana Olima, mtunza stoo, nawatangazia walimu, wanafunzi, wapishi na umma kwa jumla kwamba kuanzia leo saa mbili asubuhi kopo la kupimia mvua limehamishwa kutoka nyuma ya jiko na kuwekwa juu ya paa la choo cha walimu. Sababu ya hatua hii nzito ni kwamba mbuzi wa Mkuu wa shule amekunywa mvua ya wiki nzima. Takwimu hazitarudi. Mbuzi hajahojiwa.

Daftari hili ni la masika. Nitaandika mvua na nitaandika samaki, kwa sababu hapa ndivyo vitu viwili ambavyo hakuna mtu anayeviandika.

Jumanne, 4 Machi. Mvua: 0.

Mwalimu wa baiolojia hajaja.

Jumatano, 5 Machi. Mvua: 0.

Hajaja.

Alhamisi, 6 Machi. Mvua: milimita 2.

Ameonekana. Yuko Nyangoto, sururu begani, na amemwomba mtu wa bodaboda asimtaje. Mtu wa bodaboda amemtaja kwa kila abiria.

Tangu mwezi wa kwanza, jiwe lenye dhahabu lilipookotwa kwenye shamba la mihogo upande wa Genkuru, nchi yote imepata wazimu. Wenyewe wanauita rashi. Rashi imetuchukulia walimu wawili, mpishi mmoja na mlinzi. Mlinzi aliondoka na tochi ya shule, nayo iko kwenye orodha yangu.

Mkuu, Mwalimu Stanslaus, kaniita ofisini.

“Elkana, si wewe ndiye unayesoma vile vitabu vya msaada kule stoo?”

“Mimi na mchwa, Mkuu.”

“Basi shika baiolojia ya Kidato cha Tatu.”

“Sina cheti.”

“Mwenye cheti yuko shimoni. Shika.”

Jumatatu, 10 Machi. Mvua: milimita 6.

Somo la kwanza. Nilinunua kambare kwa wachimbaji wanaovua kwenye lambo letu, nikamlaza mezani juu ya gazeti, nikampasua. Wavulana walicheka mpaka walipoona tumbo. Lilikuwa mayai matupu, rangi ya kijani iliyopauka.

“Nani atanihesabia?”

Modesta, mjukuu wa Mzee Mseti, ambaye mpaka leo nilimjua kama mtu anayeazima kamba stoo na kuirudisha ikiwa fupi, akasema kutoka nyuma, “Mwalimu, hayo mpaka tuolewe hatujamaliza.”

“Hesabu kijiko kimoja cha chai. Halafu tuone ni vijiko vingapi.”

Kijiko kimoja, mayai mia saba na kumi na mawili. Vijiko ishirini na kimoja. Walipozidisha, wakapata karibu elfu kumi na tano.

Nikawaambia kambare hutaga masika, maji yakipanda kwenye majani ya pembeni. Huyu tumemkamata njiani akienda kujifungua. Amos, mtoto wa kaka yake Waitara mwenye karasha, mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu, akauliza, “Kwa hiyo tusile samaki, mwalimu?”

“Kuleni. Lakini masika mpumzike miezi mitatu wakatage, na mkirudi mje na wavu unaowaacha wadogo wapite. Mtakula mpaka mzeeke.”

Ijumaa, 14 Machi. Mvua: milimita 5.

Nimewapeleka lamboni. Baba zao walilichimba kwa ajili ya ng'ombe: tuta la udongo upande mmoja, majani pande tatu. Zamani walikuwa wanavua watu watatu wanne, kwa ndoana. Leo nimehesabu watu thelathini na mmoja, wote wa rashi, wakiburuta vyandarua vya msaada vilivyoshonwa pamoja. Vyandarua hivyo vililetwa vituokoe na mbu. Mbu wako wengi na wana afya njema.

Tumepima samaki hamsini kwa rula. Wastani sentimita kumi na tatu. Mtoto wa samaki. Mchimbaji mmoja alinionea huruma: “Mzee, hawa wadogo ndio watamu. Unakaanga, unatafuna na miba yake.”

Nilitaka kumtafuna yeye na miba yake.

Waitara naye alikuwepo, amesimama juu ya tuta na kanda ya kupimia. Karasha lake liko chini ya tuta na lina kiu. Anataka akate mfereji, maji yamteremkie mwenyewe akaoshee unga wa mawe kwa zebaki.

Jumatatu, 17 Machi. Mvua: milimita 3.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mwikwabe, pamoja na Modesta na mwenzake Selestine, kuomba lambo lifungwe masika yote. Wavu usiingie, mfereji usikatwe.

“Wewe Mjaluo,” alisema Mwikwabe, kwa upendo kabisa, “huko kwenu Shirati mna ziwa zima. Umekuja kutuhesabia kidimbwi?”

“Samaki wanaisha, mwenyekiti.”

“Nani kasema? Waitara anasema wamejaa. Wewe unasema wanaisha. Mimi ni daktari wa samaki?”

Modesta akasema, “Tukikuletea namba je?”

Mwikwabe akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. “Haya. Leteni namba kwenye mkutano wa baada ya Pasaka. Wakiwa chini ya elfu moja, nafunga. Wakizidi, Waitara anakata mfereji wake, na wewe mwalimu unarudi kwenye mafagio yako.”

Shuleni tuna mafagio sita.

Jumatano, 19 Machi. Mvua: 0.

Darasa limeuliza swali la haki: samaki wasioonekana utawahesabuje? Nimelijibu kwa debe la maharage. Tulitoa hamsini, tukayapaka wino, tukarudisha, tukakoroga sana. Kisha Selestine akafumba macho akachota arobaini. Yenye wino yalikuwa manne.

“Kama katika kila kumi mmoja ni wa kwetu, na wa kwetu tuliowaweka ni hamsini, wote ni wangapi?”

“Mia tano!”

Tukayamwaga tukayahesabu moja moja. Mia nne themanini na saba. Nimewahi kuona watu wakiokoka kanisani kwa ushahidi mdogo kuliko ule.

Maharage yamepikwa mchana. Meno ya Kidato cha Kwanza ni ya buluu.

Jumanne, 25 Machi. Mvua: milimita 4.

Siku mbili lamboni na wavu wa matundu makubwa niliouazima kwa shemeji yangu. Tumewakamata samaki mia moja na ishirini, tumewakata kipande kidogo cha mkia, tumewarudisha wazima. Niligawa darasa makundi matatu, nikasema kila kundi lichague alama yake, ili nijue nani kafanya kazi na nani kaogelea. Kundi la Modesta walikata pembe ya juu. La Selestine walikata ncha. La Amos wakatia pengo mara mbili katikati. Walichagua haraka, bila ubishi hata kidogo, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa darasa hili. Nikawasifu.

Kanuni ni ileile ya maharage. Wiki tatu wajichanganye, tuvue tena, tuone wangapi wana alama.

Ijumaa, 28 Machi. Mvua: milimita 9.

Dada yangu Beryl kapiga simu kutoka Migori. “Elkana, watu wanaokota gold hapo kwenu, na wewe uko busy kukata samaki mikia? Kwani uko sawa?” Nimemwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 31 Machi. Mvua: milimita 7.

Leo nimecheka, nami sicheki sana. Mzee Mseti, babu yake Modesta, amekuja stoo na fimbo yake, amevaa koti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nimekuja kushukuru. Nimeambiwa nina samaki.”

Nikaona mzee ana utani mzuri. “Unao, mzee. Wako kule wanakungoja.”

“Wanangu wakiwaona, wawachukue?”

“Si ni wako? Wachukue.”

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Mzee mcheshi sana.

Jumatano, 2 Aprili. Mvua: milimita 11.

Waitara amempiga mchimbaji mmoja makofi lamboni, anasema kamwibia samaki wake. Samaki wake! Bado hajapewa maji na tayari samaki ni wake. Uroho wa mtu huyu ungepimwa kwa kopo langu, kopo lingefurika.

Ijumaa, 4 Aprili. Mvua: milimita 8.

Samaki wa sokoni: sentimita kumi na mbili.

Ijumaa, 11 Aprili. Mvua: milimita 14.

Samaki wa sokoni: sentimita kumi na moja na nusu.

Jumatatu, 14 Aprili. Mvua: milimita 12.

Tumevua tena. Samaki tisini. Wenye alama: wawili.

Nilidhani hawaangalii vizuri. Nikawashika mmoja mmoja mwenyewe, tisini, nikiigeuza mikia. Wawili. Nikatazama darasa. Modesta alikuwa anaangalia matope, Selestine anaangalia mawingu, Amos anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa na viatu.

“Nani atasema?”

Modesta akasema. “Mwalimu, wale wenye alama watu wamewachukua.”

“Watu gani?”

“Wenyewe.”

“Wenyewe nani?”

“Mwalimu, si ulituambia tuchague alama? Pembe ya juu ndiyo alama ya sikio la ng'ombe wa kwetu. Ncha ni ya kina Selestine. Pengo mbili ni ya kina Amos. Babu akaja kukuuliza. Ukamwambia achukue.”

Nilikaa chini kwenye matope. Suruali ilikuwa safi.

Nimeishi hapa miaka kumi na minne. Nimeona masikio ya ng'ombe kila siku ya Mungu. Nimewaona watu wakitambua fahali wa jirani kati ya mia kwa pengo la sikio. Na nikawapa watoto wa watu hawa wembe nikawaambia, wekeni alama. Wakaweka. Nyumba tatu zikatangaziwa kwamba zina mali ndani ya maji, nazo zikaenda kuchukua mali zao kwa heshima na utaratibu: samaki mwenye alama alibebwa, asiye na alama alirudishwa majini kwa sababu hana mwenyewe. Ni mimi pekee katika kijiji kizima niliyefanya jambo la kipuuzi.

Jumanne, 15 Aprili. Mvua: milimita 10.

Hesabu. Tuliweka alama mia moja na ishirini. Tumevua tisini, wenye alama wawili. Mia na ishirini mara tisini, gawa kwa mbili: elfu tano na mia nne.

Lambo ambalo limebaki vidagaa. Elfu tano na mia nne!

Modesta alibaki darasani wenzake walipotoka. “Mwalimu, ondoa sifuri moja.”

“Nini?”

“Andika mia tano arobaini. Sifuri moja tu. Ile namba ya kwanza ni ya uongo, wewe unajua ni ya uongo. Sasa kama yote ni uongo, si tuchague unaofunga lambo?”

Nilimgombeza. Nilimpa hotuba nzima juu ya namba na ukweli, chaki inaruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa, mwalimu,” kwa sauti ya mtu anayemsaidia mlevi kuvuka barabara.

Lakini iko njia. Nikijua kila nyumba ilichukua wangapi, nitajua wenye alama waliobaki majini, na hesabu itakaa sawa. Kesho naenda kuuliza.

Jumatano, 16 Aprili. Mvua: milimita 16.

Nimekwenda kwa Mzee Mseti. Nimepewa kiti, nimepewa uji, nimeulizwa hali ya watu wa Shirati wote, walio hai na waliokufa. Kisha nikauliza.

“Mzee, ulichukua samaki wangapi?”

Alinitazama kama nimetema mate ndani ya nyumba. Akasimama, akaingia ndani, na hakutoka tena. Mke wake akaja kuchukua bakuli.

“Mwanangu, kwenu mnamuuliza mtu ana ng'ombe wangapi?”

“Ni samaki, mama.”

“Wana alama.”

Nimerudi kwa miguu, nimelowa. Nina hasira na mzee, nina hasira na adabu, nina hasira na yeyote wa zamani zile aliyeamua kwamba kuhesabu mali ya mtu ni kuiitia kifo. Yaani mtu anaweza kubeba lambo zima mgongoni na nikimuuliza limebaki nini, mkosaji ni mimi.

Alhamisi, 17 Aprili. Mvua: milimita 13.

Modesta ameingia stoo na uzi mrefu. Umetungwa mikia mikavu ya samaki, kila mmoja pembe ya juu imekatwa.

“Babu hajahesabu kitu,” amesema. “Amenituma nilete uzi, basi.”

Akaondoka kabla sijajibu. Mikia thelathini na minane.

Saa saba mama yake Selestine akaja na kikapu cha magunzi ya mahindi. “Ya kuwashia moto, mwalimu. Zawadi tu.” Magunzi thelathini na matano, kamili, hakuna lililovunjika. Nani huleta magunzi kwa idadi?

Nafuta nilichoandika jana juu ya mzee. Nakifuta kwa kalamu, kionekane kimefutwa.

Imebaki nyumba moja: ya kina Amos, yaani ya Waitara.

Jumamosi, 19 Aprili. Mvua: milimita 15.

Waitara alikuwa juu ya karasha, anapaka grisi. Sikuuliza idadi, nimejifunza. Nilisema ninatafuta magunzi.

Akacheka mpaka akashuka. “Mwalimu, nimesikia habari zako. Wote wamekupa, eeh? Mimi sina magunzi. Mimi nina elfu tano na mia nne. Mkuu wako kaniambia.”

Mkuu! Karatasi ya hesabu niliiacha mezani kwake saa moja tu, ili apige mhuri nikishaisahihisha. Mtu huyu hajawahi kusoma karatasi yoyote niliyomwachia mezani kwa miaka kumi na minne. Hii kaisoma.

Jumanne, 22 Aprili. Mvua: milimita 21.

Mkutano wa kijiji. Naandika yote.

Mkuu alisimama wa kwanza, tai shingoni. “Ndugu wananchi, shule yangu, kwa kutumia sayansi, imegundua kwamba lambo letu lina samaki elfu tano na mia nne.” Makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na karatasi mkononi kama mshika shela.

Nikaomba kusema. Nikawaeleza maharage. Nikawaeleza kwamba ukitoa maharage yenye wino kwa siri kisha ukachota, utadhani debe ni kubwa kuliko lilivyo. Nikaona vichwa vinatikisika, wanaelewa! Watu hawa si wajinga, na mtu asiniambie ni wajinga. Nikasema nimeshapata nyumba mbili, sitataja ngapi. Imebaki moja. Na hapo, kwa sababu nilikuwa nimeona vichwa vinatikisika na kichwa changu kikavimba, nikageuka.

“Waitara, mbele ya watu hawa. Ulichukua wangapi?”

Mtoto mmoja alianza kulia na mama yake akamziba mdomo.

“Mwalimu,” Mwikwabe akasema polepole, “hapa hatuulizani hivyo.”

“Mwenyekiti, ni samaki!”

“Hapa hatuulizani hivyo.”

Waitara akaweka mkono kifuani kama mjane. “Mimi nimesamehe. Ni mgeni.”

“Mgeni wa miaka kumi na minne?” nikasema.

“Mura, kaa chini,” mtu akaniambia. Nina miaka hamsini na miwili, nimeitwa kijana mbele ya wanafunzi wangu. Nikakaa.

Mikono ikanyooshwa. Mfereji umepita. Mzee Mseti hakunyoosha mkono upande wowote. Alisimama, akanipita, na alipopita aliniwekea mkono begani, akauacha kidogo.

Njiani Modesta alitembea pembeni yangu mpaka kwenye lango la shule.

“Sifuri moja, mwalimu,” akasema.

Sikumgombeza.

Alhamisi, 24 Aprili. Mvua: milimita 18.

Wanachimba mfereji kwenye tuta. Vijana wanane, wanaimba.

Ijumaa, 25 Aprili. Mvua: milimita 20.

Mafagio yanangoja, kwa sababu mwenye cheti bado yuko shimoni. Baada ya somo Amos alibaki anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

“Mwalimu, nina swali la jiografia.”

“Mimi ni wa baiolojia. Na hata hiyo ni ya kuazima.”

“Mwezi wa Machi una siku ngapi?”

“Thelathini na moja. Hilo si swali la Kidato cha Tatu.”

Akaweka kifutio mezani taratibu. “Basi ni hilo tu,” akasema, akatoka.

Ilinichukua muda wa kufunga madirisha manne kuelewa.

Thelathini na nane, thelathini na tano, thelathini na moja. Wamechukuliwa mia moja na wanne. Kati ya mia na ishirini walibaki kumi na sita. Kumi na sita mara tisini, gawa kwa mbili: mia saba na ishirini.

Chini ya elfu moja.

Nimemwandikia Mwikwabe. Amerudisha karatasi: mkutano umekwisha, mpaka mwezi wa saba. Basi naandika kwa watu wa uvuvi wilayani, na wanafunzi wote thelathini na wanne wametia sahihi. Amos katia sahihi ya kwanza, kubwa, isomeke.

Jumatatu, 28 Aprili. Mvua: milimita 22.

Barua ya shule haiendi wilayani bila mhuri wa Mkuu. Mkuu anasema itaonekana shule yake haijui hesabu. “Tumeshapigiwa makofi, Elkana. Utawanyang'anya watu makofi?”

Jumanne, 29 Aprili. Mvua: milimita 9.

Amekataa.

Jumatano, 30 Aprili. Mvua: milimita 17.

Amekataa.

Ijumaa, 2 Mei. Mvua: milimita 25.

Kwa masikitiko makubwa, ufunguo wa stoo umepotea. Chakula cha wanafunzi nilikitoa mapema, kipo jikoni. Zilizobaki ndani ni karatasi za mtihani wa muhula, chaki zote, na koti la suti la Mkuu ambalo alilificha huko mke wake asijue kalinunua.

Jumatatu, 5 Mei. Mvua: milimita 19.

Mkuu kapiga mhuri saa nne kasorobo. Ufunguo umeonekana saa nne. Barua imeondoka na basi la mchana.

Jumatano, 7 Mei. Mvua: milimita 28.

Mfereji ulichimbwa upana wa majembe mawili. Leo ni manne. Hakuna aliyeongeza, maji yameongeza yenyewe. Nimemwambia Waitara aweke mawe na magunia. “Mwalimu wa samaki sasa ni fundi wa tuta,” akawaambia vijana wake, wakacheka.

Maji ya karasha vijana wanayamwaga kwa ndoo upande wa majani, yana rangi ya majivu. Hapo ndipo kambare walipotakiwa kutagia.

Jumatatu, 12 Mei. Mvua: milimita 37.

Mfereji: majembe saba.

Jumatano, 14 Mei. Mvua: milimita 41.

Nimekwenda mwenyewe na magunia kumi na mawili ya stoo. Modesta, Amos, Selestine na darasa wamekuja bila kuitwa. Tumejaza udongo, tumepanga. Mzee Mseti alileta wanawe wawili na mkokoteni wa ng'ombe, mawe yamejaa. Sikuuliza mawe mangapi.

Ijumaa, 16 Mei. Mvua: milimita 63, na kopo lilikuwa limejaa, kwa hiyo ni zaidi.

Saa tisa alasiri, tukiwa darasani, tulisikia kama lori linamwaga kokoto, lakini haliishi kumwaga. Tulikimbia.

Tuta limekatika pale pale kwenye mfereji. Magunia yangu yalikuwa ya kwanza kuondoka. Maji yalipita juu ya karasha, yakaingia kwenye mahindi ya watu, yakashuka mtoni. Kufikia saa kumi na moja lambo lilikuwa bakuli la matope, na samaki wanapigapiga juu yake na kwenye mashamba. Hakuna mtu aliyeumia. Hilo nimeliuliza mara nyingi.

Kijiji kizima kilishuka na ndoo. Nikawaambia darasa wasimame kwenye njia tatu za kupandia, wahesabu kila ndoo inayopita. Watu walikubali, kwa sababu samaki hawa hawakuwa na alama ya mtu. Mwikwabe alikuja na buti, akasimama ukingoni, akaangalia muda mrefu.

“Mwalimu,” akasema, “wale elfu tano wako wapi?”

Nilimtafuta Waitara kwa macho. Alikuwa chini, anachimbua karasha lake kwa mikono. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miezi mitatu humo ndani, yamepangwa vizuri, makali kila moja.

Modesta alikuwa karibu yangu, matope mpaka magotini, anahesabu ndoo ya mama mmoja. Hakuinua kichwa. “Mia tatu na tisa,” akasema. “Mia tatu na kumi. Mia tatu na kumi na moja. Hao ndio wote, mwenyekiti.”

Maneno yangu bado ninayo.

Jumatatu, 19 Mei. Mvua: milimita 4.

Majibu ya wilayani yamekuja na basi la asubuhi, kurasa mbili, mhuri wa duara. Hesabu yetu imekubaliwa. Lambo limefungwa miezi mitatu kuanzia leo: wavu usiingie, mfereji usikatwe.

Lambo halina maji tangu Ijumaa.